Nifunge turbo mbili kwenye Fairlady Z yangu hapa Kampala?

"Habari za kazi, mhandisi. Nina Nissan Fairlady Z ya 2004, gia za mkono, injini ya VQ35DE isiyo na turbo, imetembea kilomita 140,000 hivi. Niliinunua kwa mtu hapa hapa Kampala. Shida yangu ni kwamba nikitoka na rafiki zangu wenye Subaru za turbo wananiacha nikiwaangalia, ilhali kwenye karatasi gari langu lina farasi 280. Kuna fundi huko Ndeeba anasema ana turbo mbili zilizotumika kutoka Japani, atachomelea mabomba mwenyewe, nitapata farasi 500, na kompyuta ya gari haiguswi kwa sababu itajifunza yenyewe. Bei yake ni nzuri. Fundi mwingine akaniambia turbo mbili zitaipasua injini hiyo ndani ya wiki moja. Gari naliendesha wikendi, mara chache naenda nalo Mbarara kwa wazazi. Natumia petroli ya kawaida, na niko radhi kununua zile chupa za kuongeza oktani. Pesa ninayo kiasi, nimeiweka kwa muda. Nifanye au niache?"

Nzuri, ndugu yangu. Umeeleza vizuri, hata kilomita umeziandika, jambo ambalo wengi hulisahau. Nitakupa jibu kwanza, halafu maelezo. Injini yako inaweza kubeba turbo, kwa kiasi. Kazi uliyoahidiwa Ndeeba usiifanye, hata kwa bei ya bure. Na yule wa pili aliyekutisha naye kakosea: turbo haiui injini. Kinachoiua ni joto na petroli isiyotosha, na vyote viwili vinaweza kudhibitiwa na mtu anayejua anachofanya.

Tuanze na kwa nini unaachwa. Kampala iko kama mita 1,190 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, shinikizo lake ni takriban asilimia 88 ya lile la Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo huvuta kile inachopewa na anga, basi. Kwa hiyo zile farasi 280 za kwenye karatasi, hapa kwetu ni kama 245, hata injini ikiwa nzima kabisa. Ukipanda nalo mpaka Kabale, karibu mita 2,000, unapungukiwa zaidi. Subaru ya rafiki yako inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, lakini turbo yake huzunguka kwa kasi zaidi na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Subaru WRX STI za Japani za miaka hiyo nazo ziliandikwa 280, maana watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasivuke namba hiyo katika soko la kwao, na makubaliano hayo yalivunjika mwaka 2004. Karatasi zenu zinafanana; mkiwa Jinja Road hazifanani. Halafu Subaru inasukumwa na magurudumu manne, wewe mawili ya nyuma, hivyo hata mkiondoka pamoja kwenye taa yeye keshaenda wakati tairi zako bado zinatafuta lami.

Kwa hiyo mawazo yako kuelekea turbo si ya kijinga. Katika mji ulio juu kama wetu, turbo ina maana kuliko ilivyo pwani. Tatizo liko kwenye namna ulivyoelezewa.

Kwanza hiyo namba mbili. Watu wanasikia turbo mbili wanafikiri nguvu mara mbili. Turbo huchukua moshi wa moto unaotoka kwenye ekzosti, moshi ambao vinginevyo ungetupwa, na kuutumia kuzungusha feni ndogo. Feni hiyo imeunganishwa kwa shafti fupi na feni nyingine upande wa pili, inayovuta hewa safi na kuibana kuelekea kwenye silinda. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiwa nyingi ndani ya silinda, unaweza kuchoma petroli nyingi zaidi, na nguvu hutoka hapo. Kinachohesabika ni uzito wa hewa iliyoingia, iwe imesukumwa na turbo moja au nne.

VQ35 ni V6, silinda tatu kila upande, na kila upande una ekzosti yake. Ukifunga turbo moja ndogo kila upande, moshi unasafiri njia fupi na turbo inaamka mapema. Turbo moja kubwa ingetoa nguvu ileile, ila ingebidi uvushe bomba la moto kutoka upande mmoja kwenda mwingine chini ya gari, mahali ambapo matuta ya Kampala yanalisubiri. Ndiyo maana kwenye injini za V mbili hupendwa. Nissan wenyewe walifanya hivyo kwenye 300ZX, injini VG30DETT, turbo mbili zinazofanya kazi sambamba. Toyota Supra ya miaka ya 1990 yenye 2JZ-GTE ilikuwa na mpango mwingine: moja huanza, ya pili huingia baadaye. Fundi akikuambia "twin turbo" bila kukueleza ni mpango upi, anakuuzia kibandiko cha nyuma ya gari.

Sasa angalia kitu walichofanya viwandani ambacho fundi wako hakukitaja. 300ZX isiyo na turbo ilikuwa na mgandamizo wa 10.5 kwa 1, yaani pistoni ikipanda hubana hewa mpaka nafasi ndogo mara 10.5. Ile yenye turbo ilishushwa mpaka 8.5 kwa 1. Supra hivyohivyo: 2JZ-GE ya kawaida ni 10 kwa 1, ya turbo ni 8.5. Waliwapa wateja wao pistoni nyingine kabisa. Injini yako ina mgandamizo wa 10.3 kwa 1, na hakuna anayepanga kuifungua. Atatokea mtu akuambie kwamba Nissan Z mpya, yenye turbo mbili na farasi 400, nayo ina 10.3. Ni kweli. Lakini ile hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambako petroli ikigeuka mvuke hupoza hewa palepale, na kompyuta yake ilipangwa kwa turbo tangu siku ya kwanza. Yako hupuliza petroli kabla ya vali, na kompyuta yake haijawahi kusikia habari za turbo.

Kwa nini mgandamizo ni muhimu hivyo? Kwa sababu ya kugonga. Katika hali nzuri plagi inarusha cheche, moto unaanza katikati na kusambaa kwa mpangilio mpaka kingo za silinda. Hewa na petroli vikiwa vimebanwa kupita kiasi na vina joto kupita kiasi, ile sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe, yote kwa pamoja. Unasikia mlio kama karanga zinazotikiswa kwenye kopo. Mara nyingi husikii chochote, kwa sababu ekzosti yako inapiga kelele na wewe una furaha.

Nimeshafungua injini ya namna yako iliyokufa hivyo. Ukiitoa pistoni juu unaiona safi, huwezi kujua. Unaigeuza, unaipitisha kidole pembeni, kati ya ringi ya kwanza na ya pili, na kile kiukingo chembamba cha alumini kinachozishikilia kinabaki mkononi mwako, kipande cha urefu wa kucha. Plagi ya silinda hiyo ilikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa kwenye porcelaini nyeupe, kama vumbi la pambo. Vitone hivyo ni pistoni yenyewe. Mwenye gari alikuwa ameambiwa busti, yaani shinikizo ambalo turbo huongeza, ni ndogo, haina madhara.

Busti ndogo, tuipigie hesabu. Chukua bar 0.4 (bar 1 ni karibu shinikizo la hewa ya pwani). Hapa Kampala, ile 0.12 ya kwanza inakurudisha tu pale ambapo ungekuwa kama uko Mombasa. Kinachobaki ndicho faida. Ukijumlisha, ukatoa hasara ya joto na ya moshi unaobanwa kwenye ekzosti, makadirio yangu ni kwamba utatoka kwenye farasi 245 za sasa na kufika 320 hadi 330. Hiyo ni nguvu nyingi kwa gari la kilo 1,450 hivi. Utalisikia mgongoni. Lakini 500 haipo hapo, haipo hata karibu. Kufika 500 kwa hewa ya hapa kunataka busti kubwa mno kwa injini ambayo haijaguswa ndani, na kuna kitu kitapinda kabla hujafika: konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Za VQ35DE ni nyembamba, na hilo linajulikana duniani kote kwa watu wa Z. Wengi huchukulia farasi 350 hadi 400 kwenye magurudumu kuwa ndiyo mwisho wa konrodi za kiwandani, na wenye busara hubaki chini ya hapo. Nissan walipoipa Z injini mpya ya VQ35HR mwaka 2007 waliweka konrodi imara zaidi. Wewe huna hizo. Na kinachopinda konrodi hasa ni msukumo mkubwa ukiwa kwenye mizunguko ya chini, yaani unapokanyaga mafuta ukiwa gia ya tano kwa uvivu wa kurudi ya tatu, kosa ambalo kila mwenye turbo mpya hulifanya.

Joto nalo lina hesabu yake ya Kampala. Ukitaka shinikizo la jumla, la anga pamoja na la turbo, la bar 1.5 ukiwa pwani, turbo inabana hewa mara 1.5. Hapa, kufika palepale, lazima iibane mara 1.7, kwa sababu imeanzia chini. Hewa iliyoingia ikiwa nyuzi 28, ikabanwa mara 1.7 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, hutoka ikiwa karibu nyuzi 100. Pwani ingetoka kwenye 80 na kidogo. Kwa hiyo intakula, ile radieta ya hewa inayokaa mbele nyuma ya bampa, hapa kwetu haiwezi kuwa ya mapambo. Na inapoza tu gari likiwa linatembea. Fikiria uko kwenye jam ya Jinja Road saa kumi na moja jioni, umekaa robo saa nyuma ya teksi, intakula imechemka kwa joto la radieta lililo nyuma yake. Njia inafunguka, unakanyaga. Hapo ndipo kugonga hutokea, kwenye zile sekunde chache za kwanza.

Turudi kwa kompyuta "itakayojifunza yenyewe". Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo hatari. Kompyuta ya gari lako hujirekebisha kweli, kwa kutumia sensa za oksijeni kwenye ekzosti, ila ni pale unapoendesha taratibu. Hapo inalenga uwiano wa 14.7, yaani gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Ukikanyaga mpaka chini inaacha kusikiliza sensa hizo na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani. Jedwali hilo liliandikwa kwa injini inayovuta hewa ya anga tu. Injini yenye turbo ikiwa kwenye nguvu kamili inataka mchanganyiko mzito zaidi, karibu 11.5 hadi 12, na cheche inayochelewa kidogo. Kompyuta yako haijui hilo, na haitajifunza, kwa sababu mahali pa kujifunzia pamefungwa. Isitoshe, mita ya hewa ina kikomo chake. Hewa ikizidi hapo, kompyuta inadhani hewa imeishia pale. Injekta nazo zina kikomo. Matokeo ni petroli pungufu wakati ambapo injini inaihitaji kuliko wakati wowote. Injini haifi kwa wiki, yule fundi wa pili alitia chumvi. Nyingine hufa kwa mwezi, nyingine kwa safari moja ya Masaka.

Chupa za oktani. Oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kugonga. Soma maandishi ya chupa vizuri. Ikiandikwa inapandisha "pointi 30", kwa kawaida pointi kumi ni oktani moja, kwa hiyo umepata tatu, tena ikiwa umefuata vipimo. Si kitu kibaya kama tahadhari ya safari, lakini huwezi kujenga injini juu ya chupa, kwa sababu siku utakayoisahau ndiyo siku rafiki zako watakapokupigia simu. Nyingine zina manganizi na huacha rangi ya machungwa kwenye plagi, ikawa vigumu kwa fundi kusoma plagi zako. Kitu cha maana zaidi ni kituo. Chagua kituo kimoja kinachouza petroli nyingi kila siku, ikiwezekana chenye daraja la juu, na ukae nacho. Gari lituniwe, yaani kompyuta yake ipangwe, kwa petroli ya kituo hicho. Ukienda Mbarara na kulazimika kuweka mafuta usiyoyajua njiani, endesha kama mzee mpaka yaishe. Serikali na shirika la viwango la UNBS wana mpango wa kutia alama kwenye mafuta ili kuwakamata wanaochanganya, na wanaochanganya bado wapo.

Kuhusu hizo turbo zilizotumika sina mengi. Turbo ya mtumba si dhambi, soko la spea la Kisekka limejaa vitu vizuri. Ila mbili zinazofanya kazi sambamba lazima ziwe za aina moja na hali moja, la sivyo moja inafanya kazi ya mbili. Ishike shafti kwa vidole, uisukume pembeni na mbele-nyuma. Kuyumba kidogo sana pembeni ni kawaida, mbele-nyuma usihisi chochote, na feni isiguse nyumba yake. Angalia feni ya hewa kama kingo zake zimekwanguliwa. Vumbi letu jekundu la murramu hufanya hivyo pale mtu anapoendesha bila fulta au kwa fulta ya wazi ya maonyesho. Ndani ya bomba la kutolea moshi kusiwe na oili. Na umuulize anayefunga: oili inayotoka kwenye turbo itarudi wapi? Lazima irudi kwa kuteremka yenyewe, kwa bomba nene lisilo na kona, mpaka juu ya usawa wa oili kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini. Akishindwa kukuonyesha njia hiyo kwa kidole, maliza chai yako uondoke. Kuhusu mabomba ya kuchomelea, wachomeleaji wetu wa Katwe ni hodari, siwabezi hata kidogo. Lakini manifoldi ya turbo, bomba linalopeleka moshi kutoka injini hadi turbo, hufika nyuzi 800 na zaidi, inapoa, inapanda tena, na chuma cha kawaida kilichochomelewa bila kufikiria kutanuka hupasuka. Moshi wa moto ukitokea kwenye ufa huo karibu na bomba la breki au la petroli, tunazungumzia moto wa gari.

Sasa, una njia gani?

Kuna njia ya kutofunga turbo kabisa, na nataka uifikirie kwa uzito kabla hujaicheka. Gari la 2004 lenye kilomita 140,000 mara chache lina nguvu zake zote hata za Kampala. Plagi zilizochoka, koili moja inayokosakosa cheche, mita ya hewa iliyochafuka, katalisti iliyoziba, tairi za miaka minane. Fanya kazi hizo, weka tairi nzuri na pedi za breki nzuri, na gari litabadilika kuliko unavyodhani. Halitaipita STI. Ila utajua lilipo, na hakuna hata shilingi moja kati ya hizo itakayopotea ukiamua turbo baadaye, kwa sababu yote hayo ungelazimika kuyafanya.

Njia ya pili ni turbo mbili kwa busti ndogo, injini ikiwa kama ilivyo. Inawezekana, na kuna magari ya namna hii yanayoishi miaka. Masharti yake: seti kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya VQ35, yenye manifoldi, intakula na njia za oili, injekta kubwa na pampu kubwa ya petroli, kipoza-oili, klachi ngumu zaidi, maana ya kiwandani itaanza kuteleza, plagi za baridi zaidi, geji ya uwiano wa hewa na petroli, ya sensa pana, na kompyuta iliyoandikwa upya. Giaboksi yako ya gia sita ni imara, hiyo usihofu. Turbo zenyewe ni chini ya nusu ya bajeti hiyo. Seti nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola kabla ya usafiri, ushuru na ile VAT ya asilimia 18. Fundi aliyekupa "bei nzuri" amekupa bei ya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki italipwa na injini.

Njia ya tatu ni kuifungua injini, kuweka pistoni imara za kufuliwa (forged) zenye mgandamizo mdogo na konrodi nene, kisha busti ya kweli. Hapo ndipo farasi 500 huishi. Ni kazi nzuri na ni ghali, inataka mtu wa kupima kwa maikromita, chumba kisicho na vumbi, na subira ya kungoja spea. Halafu breki, halafu difu, halafu tairi. Kwa mtu anayeendesha wikendi na kwenda Mbarara kwa wazazi, sioni sababu.

Ya nne wapenzi wa Z hawapendi kuisikia: uza, nunua gari lililozaliwa na turbo. Kampala ina mafundi wengi wa Subaru, spea zake zipo, na anayejua kuitengeneza humtafuti mbali. Ukumbuke tu kwamba tangu 2018 gari lililozidi miaka 15 haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo mengi ya yale ya enzi zile utayapata humuhumu kwa watu, yakiwa na historia. Na ukiiuza Z yako, kuagiza nyingine ya mwaka huo haiwezekani tena.

Mimi ningekuwa na gari lako na pesa "kiasi", ningefanya ya kwanza mwaka huu, nikaanza kukusanya ya pili taratibu, kipande kwa kipande, kwa mpangilio wa usalama: breki na tairi, kipoza-oili, geji, petroli, klachi, na turbo mwisho kabisa. Wengi huanza na turbo kwa sababu ndiyo inayopiga mluzi.

Kabla ya lolote, peleka injini ikapimwe, na hili halifanyiki kwa simu wala kwa kuniandikia. Omba kipimo cha mgandamizo kwa silinda zote sita, injini ikiwa ya moto, na kipimo cha kuvuja. Kitabu cha Nissan kinasema takriban psi 185, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Usishtuke ukiona 160 na kitu: geji inasoma chini hapa kwa sababu ya mwinuko uleule. Angalia tofauti. Silinda tano zikiwa 162 na moja 135, mradi wako wa turbo umeishia hapo mpaka injini ifunguliwe. Pima pia inakula oili kiasi gani kwa kilomita elfu moja. Oili ikiingia kwenye silinda inashusha oktani na kualika kugonga.

Kuhusu kutuni, tafuta mtu kabla ya kununua hata boliti moja. Muulize anatumia nini kusikiliza kugonga, na kama anaweza kukuonyesha rekodi za gari jingine la turbo alilolituni, ziwe na uwiano wa petroli, cheche na joto la hewa. Asiye na rekodi hana kazi. Daino, mashine ya kupima nguvu za gari likiwa limesimama, ikipatikana ni bora, kwa sababu kutafuta nguvu kamili barabarani ni kucheza na maisha ya watu wa bodaboda. Kuna pia watu wa nje ya nchi wanaotuni kwa mbali: unarekodi safari, unawatumia, wanakurudishia faili jipya. Inafanya kazi vizuri kwa Z, mradi uwe na geji ya kweli na fundi wa hapa anayeweza kuzisoma, na usikanyage mpaka chini kabla hawajakuruhusu. Na zile rekodi zichukuliwe hapa Kampala, mchana wa jua, kwa petroli unayoitumia.

Mwambie mtu wako wa bima kabla ya kufunga chochote. Ile ya lazima ya mtu wa tatu ni kitu kingine. Ninazungumzia bima kamili, ambayo inaweza kukukatalia malipo ikigundua ulibadilisha gari bila kuwaeleza. Pata jibu lao kwa maandishi. Na hayo mashindano na rafiki zako, barabara ya mwendokasi ya Entebbe ina kikomo cha kilomita 100 kwa saa, na farasi 330 hufika huko kabla hujamaliza gia ya tatu. Sitasema zaidi, wewe ni mtu mzima.

Iwapo utakuwa umeshafunga wakati unasoma hili, maana nawajua vijana, basi shika haya. Ukisikia zile karanga, achia mafuta mara moja, usimalizie gia. Moshi wa buluu baada ya kukaa kwenye taa, joto la oili likipita nyuzi 120, au harufu ya plastiki inayoungua chini ya boneti: simama pembeni, zima, usijaribu kufika nyumbani. Hapo mwite fundi akufuate, au lipakie kwenye breakdown. Toa plagi zote sita, zipange kwa namba za silinda juu ya kitambaa safi, umletee mtu anayejua kuzisoma kabla hajaanza mtu yeyote kufungua kingine.